Muhuri wa Ngazi

Shemeji yake alikuja asubuhi na habari ya kuchekesha, na Baruti akakasirika. Hilo peke yake halikuwa jambo jipya. Mafundi rangi wenzake walimpa jina la Baruti kwa sababu kumlipua hakuhitaji hata kiberiti. Ilitosha umsalimie wakati anachanganya rangi. Lakini asubuhi ile hasira ilimpanda kwa namna nyingine. Alikiweka kikombe cha chai chini kabla hajakimaliza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake jioni mdogo wake Baruti, ambaye ndiye mume wa huyo shemeji, alirudi kutoka kazini akavua kandambili mlangoni. Mkewe akaona matone ya damu sakafuni, akayafuata mpaka kwenye kiti alichokalia mumewe. Kugeuza kandambili ya kulia, akakuta msumari mfupi wa bati umepenya soli na kutokeza upande wa pili. Bwana alikuwa ameutembelea tangu saa nne asubuhi alipopita kwenye rundo la mbao, na hakuwa na habari nao. Shemeji alisimulia haya akiwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Nikamwambia, baba, siku hizi una mguu wa chuma," alisema. "Akanijibu kwamba hata wa kaka ulianza kukomaa hivyohivyo."

Mke wa Baruti, aliyekuwa akichekecha unga pale uani, hakucheka. Aliutazama mguu wa kulia wa mumewe, pale ambapo vidole viwili vya mwisho havipo, kisha akamtazama machoni bila kupepesa. Baruti akageuzia uso ukutani. Shemeji alipoona kichekesho chake kimedoda, akaaga akaenda zake sokoni.

"Utamwambia leo," mkewe akasema walipobaki wawili.

Baruti akafoka kwamba hahitaji kufundishwa namna ya kuishi na mdogo wake, kwamba unga ule unachekechwa ovyo, kwamba nani aliacha ndoo njiani mtu ajikwae. Mkewe alimwacha akamaliza. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilimfundisha kwamba mvua ya mumewe ni ya kupita.

"Ukinyamaza, na yeye watamkata," akasema. "Na mimi siku hiyo sitakusindikiza kwenda kumpa pole. Utakwenda peke yako, ukamwangalie usoni."

Baruti akachukua fimbo yake, akainuka akiwa amekasirika zaidi.

Ili mtu aielewe hasira ile, inafaa ajue namna fundi rangi anavyosimama kwenye ngazi. Mkono mmoja umeshika kopo, wa pili umeshika brashi, na hakuna wa tatu wa kushikia ngazi. Kwa hiyo fundi hujishikiza kwa miguu. Nyayo zinakanyaga kipago kimoja, kile kijiti cha kukanyagia, na magoko, ule upande wa mbele wa mguu wenye mfupa mkavu, yanakandamiza kipago cha juu yake. Ukisimama hivyo saa nane kwa siku, mwaka hadi mwaka, ngozi ya magokoni inasuguliwa na kuacha mistari myeusi iliyolala kama alama za kamba. Mzee aliyemfundisha kazi Baruti alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba asiyejua hata kulowesha brashi, aliita mistari hiyo muhuri wa ngazi. Asiyekuwa nao, alisema, huyo si fundi, huyo ni mpakaji wa kuta tu.

Baruti aliupata muhuri wake mapema, akaringa nao. Alikuwa fundi hasa, tusimnyime haki yake kwa sababu ya mdomo wake. Hakupaka ukuta ambao hajaupiga msasa kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye pembe za dari, ambako wengine hubandika karatasi wasichafue, yeye alipitisha brashi kwa jicho tu, mstari ukatoka umenyooka. Wasimamizi walivumilia matusi yake kwa sababu ya pembe zile. Mdogo wake alipomaliza shule bila mwelekeo, Baruti ndiye aliyemtia brashi mkononi, akamfokea kwa miaka minne, akamtoa fundi. Watu wakamwita Baruti Mdogo, maana alijifunza kila kitu, na ulimi nao ukiwemo.

Miaka michache iliyopita Baruti aliona madoa mengine miguuni. Haya hayakulala kama mistari. Yalikuwa ya mviringo, ya rangi ya kahawia, mengine madogo kama punje ya hindi, mengine makubwa kama kifungo cha koti, na ngozi yake ilibonyea kidogo ikawa laini na nyembamba. Hayakuuma wala hayakuwasha. Mengine yalikaa ubavuni mwa ugoko, mahali ambapo hakuna kipago kinachofika. Alidhani ni vanishi iliyomkaukia. Jioni moja akachukua kitambaa, akakilowesha thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, akasugua. Doa halikutoka. Akachukua msasa, ule laini wa mwisho, akasugua tena mpaka ngozi ikaanza kutoa majimaji. Doa likabaki palepale, na pembeni yake kikaongezeka kidonda kilichochukua miezi kufunga.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, rangi ilimrukia jichoni akaenda zahanati. Muuguzi alipomaliza kumsafisha jicho, macho yake yakashuka kwenye miguu iliyoonekana chini ya suruali iliyokunjwa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, asiyependa mzaha. Aliuliza madoa yale yameanza lini. Baruti akamweleza habari za ngazi, kwa fahari. Mama yule akamsikiliza, kisha akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine.

Alimwambia yote siku ile, na hakumficha kitu. Kwamba ile mistari ni ya ngazi, sawa, lakini yale ya mviringo ni ya sukari. Kwamba madoa yenyewe hayaui mtu na hayana dawa, ayaache kama yalivyo na asiyakwangue tena. Kwamba yanatoa taarifa tu: sukari imekaa mwilini muda mrefu na imeanza kula mishipa midogo ya damu, na huenda imeshaanza kula mishipa ya fahamu ya nyayo. Akampa vidonge, akampa siku ya kurudi. Akamwambia kila jioni akague nyayo zake, hata kama haumwi. Hasa kama haumwi.

Baruti alitoka pale akiwa amekasirika kama aliyetukanwa. Hasira yake ilikuwa na mahali pa kwenda, nayo ni kwa msimamizi. Kampuni waliyoifanyia kazi ilikuwa na sheria iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo: mwenye sukari, presha au kifafa haruhusiwi kupanda juu ya kipago cha tatu. Watu wa namna hiyo walipewa kupaka mageti na mifereji ya chini, wakiwa wamechuchumaa, na mafundi wa juu wakiwadondoshea rangi vichwani na kucheka. Baruti alikuwa miongoni mwa waliocheka zaidi. Kwa hiyo vidonge akavificha kwenye kopo la zamani la puti ya kuzibia nyufa, akavimeza miezi miwili, akajiona mzima, akaacha. Siku ya kurudi zahanati hakurudi.

Na juma moja tu baada ya kuchomwa kidole, mchana, mafundi wakiwa wamekaa kivulini wanakula, Baruti Mdogo alikunja suruali akamnyooshea miguu.

"Kaka, hebu angalia hivi vidude. Unavijua?"

Vilikuwa vitano kwenye mguu mmoja na vitatu kwenye mwingine. Mviringo, kahawia, vimebonyea. Mafundi wote walikuwa wanatazama, na msimamizi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale akipiga simu. Baruti alivitazama na kuvijua. Angeweza kumvuta pembeni. Angeweza kumwambia tuonane jioni. Badala yake akacheka, akampiga mdogo wake kofi la mgongo, akatangaza kwa sauti kwamba huo ni muhuri wa ngazi, kwamba sasa amekuwa fundi kamili na aache kujikagua kama bibi harusi. Watu wakacheka. Mdogo wake akateremsha suruali, akaridhika. Alikuwa hajawahi kuwa na sababu ya kutomwamini.

Mwaka jana ikaja zamu ya vidole. Fundi rangi anayevaa kandambili hujaa matone miguuni, na kila jioni hujipangusa kwa thina. Thina ikikuta ufa kati ya vidole, mtu huruka na kutaja watu wote wa ukoo wake. Baruti aliacha kuruka. Alijipangusa kila jioni, ufa ukawa kidonda, kidonda kikawa shimo, na yeye akawaambia wenzake kwamba mguu wake umekomaa, hausikii thina tena. Alijisifu kwa hilo. Mdogo wake alikuwepo akasikia, akamsifu pia. Ilipofika siku ya harufu, mkewe ndiye aliyeigundua, na daktari akasema vidole viwili vimeshakufa na akichelewa tena ataupoteza mguu mzima.

Alipotoka hospitali, Baruti aliwaambia watu wote kwamba dumu la rangi la lita ishirini lilimwangukia. Akamwapisha mkewe asiseme. Kila aliyekuja kumpa pole alilaani lile dumu, na mdogo wake ndiye aliyelaani kuliko wote. Alikwenda hata kumgombeza mtunza stoo.

Basi ndiyo hiyo hasira aliyotoka nayo nyumbani asubuhi ile, akiegemea fimbo, kuelekea kwenye jengo la ghorofa tatu ambako wenzake walikuwa wanapaka ukuta wa nje. Njiani alimkasirikia shemeji kwa kucheka, mkewe kwa kutocheka, na msimamizi kwa sheria yake ya kipago cha tatu. Alimkasirikia hata yule mzee wa muhuri wa ngazi, ambaye alishatangulia mbele ya haki na hakumkosea mtu. Lakini kila alipoegemeza fimbo chini alikuta hasira imemrudia mwenyewe, na hilo ndilo lililomfanya atembee haraka kuliko alivyoruhusiwa.

Alimkuta mdogo wake juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, kopo mkono wa kushoto. Amefunga kitambaa kwenye kisigino cha kulia, chini yake kandambili nyingine mpya. Alikuwa anaimba.

"Shuka," Baruti akasema.

Baruti Mdogo akatazama chini, akafurahi kumwona, akasema atashuka akimaliza ule mstari. Baruti akasema ashuke sasa hivi. Mafundi wengine, wanne, wakaacha kazi, kwa kuwa ugomvi wa ndugu hawa wawili ulikuwa burudani yao ya siku zote. Mdogo wake akauliza kuna msiba. Baruti akajibu kwamba anataka kumpeleka zahanati akapimwe sukari.

Jibu la mdogo wake lilikuwa kicheko. Akauliza apimwe sukari kwa lipi, yeye anayekula kama kila mtu, asiye na kitambi wala kizunguzungu. Baruti akamtajia msumari. Mdogo wake akasema msumari si kitu, mguu umekomaa. Baruti akamtajia madoa.

"Madoa gani, muhuri?" Baruti Mdogo akaita kutoka juu. "Kaka, si wewe uliyesema? Hawa wote walikusikia."

Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, walimsikia. Mmoja akakunja suruali kuonyesha mistari yake. Msimamizi naye, aliyesikia kelele, akatoka stoo akaja kusimama mlangoni, penseli sikioni.

Kwa mazoea ya maisha yake yote, hapo ndipo Baruti angefoka. Angemwita mdogo wake punda, angeitikisa ile ngazi, angeondoka akidai kwamba hasikilizwi. Na angekuwa ametimiza wajibu, maana si amesema? Amesema, hakusikilizwa, basi. Ulimi ulikuwa tayari. Alijijua vizuri vya kutosha kuona kwamba hasira hiyo ilikuwa mlango wa kutokea, na kwamba kama angeutumia, mguu wa mdogo wake ungebaki juu ya ile ngazi.

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akaunyoosha ule mguu mbele ya watu wote.

"Hakuna dumu lililoniangukia," akasema. "Ni sukari. Vidole vilioza nikiwa navipangusa thina kila siku, sisikii. Mguu haukukomaa. Ulikufa."

Juu ya ngazi brashi ilikuwa imesimama, na rangi ikadondoka kutoka kwenye ncha yake.

"Na hayo madoa ya mviringo si ya ngazi. Ya ngazi ni mistari. Yangu muuguzi aliniambia ni ya sukari, na yako ni kama yangu."

"Lini?" mdogo wake akauliza.

Hapo palikuwa na uongo mdogo uliobaki, tena mwepesi. Angeweza kusema juzi, au kule hospitali wakati wa vidole. Kila mtu angemwonea huruma.

"Juma moja kabla hujanionyesha miguu yako," Baruti akasema. "Nilijua. Nilikutazama, nikajua, nikacheka."

Baruti Mdogo alishuka. Alishuka polepole, kipago kwa kipago, akaliweka kopo chini, akailaza brashi juu yake kama alivyofundishwa, isishike mchanga. Baruti alinyanyua uso akimsubiri ampige, na ukweli ni kwamba alitaka apigwe. Mdogo wake alimpita. Alichukua shati lake kwenye msumari, akatoka getini akichechemea kidogo bila mwenyewe kujua kwamba anachechemea, akashika njia ya zahanati. Hakugeuka kuangalia kama kaka yake anafuata.

Alifuata. Ilimchukua mara mbili ya muda, na alipofika, mdogo wake alikuwa ameshaitwa ndani. Yule mama muuguzi alikuwa yuleyule, ameongezeka miwani. Alimtambua Baruti mlangoni, akaitazama fimbo, akatazama kiatu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alimngoja mwezi wa kwanza, akamngoja wa pili. Baruti akasema ndiyo, mama. Akaingia, akakaa mwishoni mwa benchi alilokalia mdogo wake. Mdogo wake hakusogea kumpa nafasi wala hakumtazama.

Sukari ilikuwa juu, tena juu sana. Muuguzi aliitaja namba bila kuipamba, akafungua kile kitambaa cha kisigino, akaosha tundu la msumari, akalichungulia kwa tochi. Alisema limewahiwa. Alikagua vidole kimoja kimoja, akavitenganisha, akasema vyote kumi ni vizima, na kama mwenyewe ana akili vitabaki kumi. Baruti aliposikia hivyo akavihesabu tena kwa macho.

Kisha mama yule akatoa uzi mfupi wa nailoni uliochomekwa kwenye kishikio. Akamwambia mgonjwa alale chali, afumbe macho, na kila atakapohisi ameguswa wayoni aseme ndiyo. Baruti Mdogo akafumba. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira, taya limekazwa.

Muuguzi aligusa kidole gumba, akaukandamiza uzi mpaka ukapinda. Akangoja. Akagusa chini ya kidole cha tatu. Akagusa katikati ya wayo, akagusa pembeni, akagusa kisigino juu ya tundu. Kila mara uzi ulipinda, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kuuinua. Kisha akahamia mguu wa pili, akaanza tena kwenye kidole gumba. Baruti alikuwa anaufuata ule uzi kwa macho, mikono imeibana fimbo.

"Mama, anza basi," mdogo wake akasema, macho yamefumbwa. "Nimeacha ukuta unakauka."

Muuguzi alikuwa ameshagusa mara sita.